Mtoto Aliye Nje ya Fremu

Hotuba kwa mkutano wa watayarishaji na wafanyakazi wa filamu

Ndugu watayarishaji na waongozaji. Ndugu zangu wa kamera, wa sauti, wa taa, wa mavazi na wa vipodozi. Wahariri mnaoanza kazi wakati wengine tumeshamaliza. Madereva, na ninyi vijana mnaofika seti wa kwanza na kuondoka wa mwisho: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nianze na kanuni moja ya kazi. Katika jimbo la California, Marekani, mtoto mchanga haruhusiwi kuigiza kabla hajatimiza siku 15 tangu azaliwe, na hata akizitimiza, maadamu hajafikisha mwezi mmoja, daktari lazima athibitishe kwa maandishi kwamba anaweza. Kuanzia hapo hadi afikishe miezi 6, hakai mahali pa kazi zaidi ya saa mbili kwa siku, na ndani ya saa hizo mbili anapigwa picha dakika 20 tu. Mwanga mkali haumwangukii zaidi ya sekunde 30 kwa mkupuo. Lazima awepo mwalimu wa studio, anayesimamia ustawi wa mtoto kazini, lazima awepo muuguzi, na kwa wale wasiotimiza wiki 6, muuguzi mmoja hahudumii zaidi ya watoto watatu. Ndiyo maana mtoto mmoja wa kwenye hadithi mara nyingi huigizwa na mapacha: wa kwanza akimaliza dakika zake, mwenzake anaingia.

Nimeianza hotuba na kanuni hiyo kwa kuwa inatuonyesha uwezo tulio nao. Watu wa filamu tunajua kumtunza mtoto. Tunajua kumtafutia muuguzi na chumba tulivu. Tunajua kupanga siku nzima ya kazi, yenye watu mia na magari na mashine zao, ifuate usingizi wa mtoto wa miezi mitatu. Mwongozaji mwenye haraka kuliko wote husubiri. Mtayarishaji mbana matumizi kuliko wote hulipa. Hakuna anayemwambia yule mtoto kwamba tasnia hii ni ngumu na asiyeiweza akatafute kazi nyingine. Yote hayo hufanyika kwa sababu yameandikwa na yamewekewa fedha mapema.

Sasa tutoke kwenye fremu, hatua tatu tu. Pale amesimama mtu wa sauti, ameinua kipaza sauti juu ya kichwa cha mtoto huyo. Naye ana mtoto wa umri uleule. Amemwacha alfajiri kwa mlezi aliyempata jana usiku, baada ya ratiba ya leo kubadilishwa, na hajui kama atamkuta macho akirudi. Kwa ajili ya mtoto huyo wa pili hakuna aliyeandika chochote, wala kumtengea chochote kwenye bajeti. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Kazi yangu, kama wengi mnavyojua, ni kusimamia uzalishaji. Sehemu kubwa ya maisha yangu imepita kwenye ratiba na bajeti, na nimejifunza kwamba bajeti haifichi kitu. Ukitaka kujua kampuni ya filamu inamthamini nani, usisome inayoyasema kwenye matangazo yake, soma mistari ya bajeti. Utakuta mstari wa mafuta ya jenereta, mstari wa betri, mstari wa mwavuli wa kukinga kamera jua. Mvua imewekewa fungu lake hata kama huenda isinyeshe. Lakini watu 60 wanaajiriwa kwa wiki nane, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa na kulea, na bajeti nzima inaandikwa kana kwamba hakuna hata mmoja mwenye mtoto.

Tuitazame siku yenyewe. Tasnia yetu imezoea siku ya saa 12. Hizo ni saa za kwenye karatasi, zinazohesabiwa kamera ikianza hadi kamera ikizimwa. Watu wa vipodozi na mavazi huwa wameshafika saa mbili kabla. Watu wa taa na vifaa huwa bado wanafunga nyaya na kupakia magari wengine wakiwa njiani. Ongeza safari ya kwenda lokesheni, yaani mahali pa kupigia picha nje ya studio, na kurudi, kwa kuwa lokesheni haichaguliwi kwa ukaribu na makazi ya wafanyakazi. Kituo cha kulelea watoto hakifunguliwi alfajiri wala hakikai wazi hadi usiku. Mzazi hulazimika kumlipa mlezi wa kabla ya kituo, kituo chenyewe, na mlezi wa baada ya kituo, kisha aombe Mungu wote watatu wawe wazima siku hiyo.

Juu ya hayo kuna ratiba inayotumwa jioni kuamkia kazi. Kwa mtu asiye na wa kumlea, kuambiwa usiku kwamba kesho muda wa kuanza umerudishwa nyuma kwa saa tatu ni usumbufu. Kwa mzazi ni kuanza kupiga simu kwa majirani, kwa shangazi, kwa rafiki ambaye ameshaombwa mara nyingi mno. Nimewaona watu hodari kabisa wakisimama kando ya lori la vifaa, simu sikioni, wakiongea kwa sauti ya chini. Halafu wanarudi kazini wakitabasamu, kwa sababu wanajua atakayeonekana ana matatizo ya nyumbani hataitwa tena.

Hapo kwenye kuitwa ndipo penye kiini cha tatizo. Katika ofisi za kawaida, mama aliyefukuzwa kwa sababu ya kujifungua ana barua ya kufukuzwa mkononi, na anaweza kwenda nayo mahakamani. Kwetu mtu hafukuzwi. Mradi unaisha, mwingine unaanza, na simu yake haiiti. Kazi ya filamu hupatikana kwa kukumbukwa, na mtu akikosekana miezi kadhaa anasahaulika. Mwenye orodha ya simu anajisemea, tena kwa nia njema: yule ana mtoto mdogo, tusimsumbue. Anamruka. Mwaka unapita, wa pili unapita. Mpiga picha aliyefunzwa kwa miaka kumi, ambaye mkono wake umekomaa na jicho lake limeiva, anaishia kufanya kazi nyingine kabisa. Hakuna aliyeamua aondoke, kwa hiyo hakuna anayewajibika.

Tunawapoteza watu hawa wakati ule ule ambao ujuzi wao umefika kileleni. Mtu huingia kwenye fani akiwa kijana, hubeba nyaya, hufunza mikono yake kwa kosa na marudio, na anapokaribia kuwa mkuu wa idara ndipo anapopata mtoto. Kisha tunakutana kwenye makongamano kama haya tukiuliza kwa nini wanawake ni wachache kwenye nafasi za juu. Wanawake waliingia. Wengi waliingia, nami nimewaajiri. Walitolewa na saa za kazi.

Tukumbuke walikuwepo tangu mwanzo. Alice Guy, Mfaransa aliyeongoza filamu zake za kwanza mwishoni mwa karne ya 19, alihamia Marekani, akajifungua binti yake mwaka 1908, na mwaka 1910 akaanzisha kampuni yake ya Solax. Mama wa mtoto mdogo aliongoza studio nzima, kwa sababu studio ilikuwa yake na saa zilikuwa zake. Mwenye mamlaka juu ya ratiba hupata nafasi ya kulea. Kila asiye na mamlaka hayo anaiomba nafasi hiyo kama fadhila.

Mtaniuliza, sheria ziko wapi? Zipo, ila zimeandikwa zikimfikiria mtu mwenye mwajiri mmoja na kiti kimoja. Marekani kuna sheria ya likizo ya familia ya mwaka 1993 inayotoa wiki 12, bila malipo. Ili uzipate lazima uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo miezi 12 na saa 1,250, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi. Fikirieni kampuni ya filamu inayosajiliwa kwa ajili ya filamu moja na kufungwa filamu ikikamilika. Ni nani atafikisha miezi 12 hapo? Uingereza, malipo ya uzazi kutoka kwa mwajiri huenda hadi wiki 39, lakini uwe umefanya kazi kwake mfululizo kwa wiki 26 kufikia wiki ya 15 kabla ya ile unayotarajiwa kujifungua. Anayejiajiri hupewa posho ya serikali kwa wiki hizo 39, na ndani ya kipindi hicho anaruhusiwa kufanya kazi siku 10 tu bila kuhatarisha posho yake. Mtu ambaye riziki yake inategemea kutosahaulika anaambiwa ajitokeze siku 10. Baba anayejiajiri ndiye aliye vibaya zaidi: likizo ya pamoja ya wazazi, ile ambayo baba na mama hugawana, yeye mwenyewe haipati.

Ufaransa wamefika mbali zaidi, na inafaa tuelewe namna. Wasanii na mafundi wa mikataba mifupi wana mfumo wao wa bima ya kukosa kazi. Ukifanya kazi saa 507 ndani ya miezi 12, unapata malipo katika vipindi visivyo na kazi. Mfumo wa aina hiyo ungeweza kumnyonga mama mjamzito, kwa kuwa miezi ya uzazi ni miezi isiyo na saa. Ndiyo sababu likizo ya uzazi huingizwa kwenye hesabu kwa saa 5 kila siku. Wafanyakazi wa kike walilazimika kuunda kikundi chao, Les Matermittentes, ili kupigania haki za wajawazito wa fani hizi, na mapambano yao yamechukua miaka. Ninachokipenda kwenye utaratibu huo ni kwamba unakubali ukweli wa kazi yetu. Haumdai mtu wa filamu ajifanye karani. Unachukua kipimo kile kile anachopimwa nacho, yaani saa, na kukifanya kimtambue mzazi.

Kimataifa pia kuna pa kushikia. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na unasema wazi kwamba unawahusu wanawake wote walioajiriwa, wakiwemo walio katika ajira zisizo za kawaida. Kabla yake, Mkataba namba 156 wa mwaka 1981 ulishazungumzia wafanyakazi wenye majukumu ya familia, wanaume kwa wanawake. Vyama vyetu vya wafanyakazi vinapokaa mezani na serikali, hizo ndizo karatasi za kuweka juu ya meza.

Lakini hata tukipata sheria nzuri kuliko zote, likizo huisha. Mtoto anabaki kuwa mtoto kwa miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo turudi kwenye saa.

Mwaka 1997, msaidizi wa kamera nchini Marekani alifariki akiendesha gari kurudi nyumbani baada ya siku ya kazi ya saa 19. Alisinzia kwenye usukani. Haskell Wexler, mpiga picha mkubwa aliyeshinda Oscar mara mbili, alilichukua jambo hilo moyoni na kulipigania hadi uzeeni: saa 12 za kazi, saa 12 za mapumziko, basi. Mwaka 2021 wanachama wa chama cha IATSE, ambao ndio mafundi wa filamu na televisheni wa Marekani, waliidhinisha mgomo kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura, na mapumziko yakiwa miongoni mwa madai makuu. Mgomo haukufanyika. Makubaliano yalileta mapumziko ya saa 10 kati ya siku na siku, na saa 54 za mwisho wa juma kwa wanaofanya kazi siku tano.

Saa 10 zilikuwa ushindi, na ninawaheshimu waliozipigania. Sasa tuzihesabu tukiwa wazazi. Toa saa moja ya safari ya kurudi na moja ya kwenda: zimebaki nane. Toa saa saba za usingizi, ambazo mtu anayepanda ngazi na kubeba taa nzito anazihitaji ili asimuumize mwenzake. Imebaki saa moja. Ndani yake kuna kuoga, kula, na mtoto ambaye ameshalala. Sheria za Umoja wa Ulaya zinasema saa 11 mfululizo katika kila saa 24, na hesabu yake haitofautiani sana. Mzazi anayefuata kanuni zote, mwenye mwajiri anayefuata kanuni zote, anaweza kumaliza wiki tano za kazi bila kuzungumza na mwanawe akiwa macho isipokuwa siku za mapumziko.

Kuna njia nyingine inayojulikana, na baadhi yenu mmeifanyia kazi: siku ya saa 10 mfululizo isiyo na saa nzima ya chakula cha mchana. Watu hula kwa zamu, kazi haisimami, na jua likiwa bado lipo mnafungasha. Wamarekani huziita saa za Kifaransa. Watayarishaji huogopa kwamba watapoteza muda wa kupiga picha. Uzoefu wangu ni kwamba hasara ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu baada ya chakula kizito cha mchana seti huchukua muda kuamka, na saa ya 12 ya siku ndefu huzaa picha ambazo mhariri huzitupa. Ila lazima wafanyakazi wenyewe wakubali, na chakula kiwepo kweli, na saa 10 zibaki 10. Siku fupi inayorefushwa kila jioni kwa "picha moja tu ya mwisho" ni mbaya kuliko siku ndefu iliyosemwa ukweli, maana mlezi nyumbani aliahidiwa muda.

Na hapa niseme jambo ambalo halihitaji senti moja. Tangazeni siku za kazi mapema. Tajeni saa ya kumaliza, siyo ya kuanza peke yake, na muiheshimu. Ratiba ya usiku iwekeni pamoja, kwa wiki moja inayojulikana, badala ya kuitawanya kwenye wiki zote nane. Mkilazimika kubadilisha, badilisheni siku mbili kabla. Mwongozaji msaidizi aliyebobea anaweza haya yote, na yule asiyeyaweza kwa kawaida hata mambo mengine yanamshinda.

Sasa fedha. Wote tuliowahi kusoma mikataba ya waigizaji wakubwa tunakijua kifungu kile: yaya atasafiri na mwigizaji, atalipiwa nauli na chumba, na gari la mapumziko litakuwa na nafasi ya mtoto. Sina kinyongo na kifungu hicho. Mwigizaji huyo ana mtoto, mtoto anamhitaji, na sisi tunamhitaji mwigizaji akiwa na moyo mtulivu. Ninachosema ni kwamba tasnia yetu tayari inalipia ulezi wa watoto. Imekuwa ikilipia kwa miaka mingi, kwa wale wenye wakili. Anayeshona shati la mwigizaji huyo, ambaye kipato chake ni sehemu ndogo mno ya kile, anajilipia mwenyewe kutoka kwenye posho ya siku, na mara nyingine mlezi humgharimu karibu kila anachopata. Anafanya kazi ili asisahaulike.

Kwa hiyo pendekezo langu ni mstari mmoja kwenye bajeti: ulezi wa watoto wa wafanyakazi. Ukae pamoja na usafiri na chakula, kwenye gharama za kuwezesha watu kufika na kufanya kazi, na uwekwe wakati bajeti inaandikwa kwa mara ya kwanza. Ukiusubiri hadi mfanyakazi aombe, umeshaugeuza kuwa fadhila, na fadhila ina mipaka ya aibu.

Studio kubwa zinaweza kwenda mbali zaidi na kuwa na kituo ndani ya eneo lao. Uingereza, mwigizaji Charlotte Riley aliasisi WonderWorks, kituo cha kulelea watoto wa watu wa filamu na televisheni, katika studio za Leavesden. Soko la filamu la Cannes lilianzisha mwaka 2019 mpango wa Le Ballon Rouge wa kuwahudumia wanaohudhuria wakiwa na watoto, kukiwa na sehemu ya kulelea na vitambulisho vya walezi. Tamasha na soko la filamu ni mahali mikataba inapofungwa, na asiyeweza kuingia na mtoto wala kumwacha mtoto hayupo mezani. Msukumo kama huo umetoka kwa wazazi wenyewe. Raising Films, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2015, ni kazi ya wanafilamu waliochoka kila mmoja kudhani kwamba tatizo ni lake peke yake.

Kwenye lokesheni hali ni tofauti, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu ninaowaheshimu. Wanasema: mruhusuni mzazi aje na mtoto seti. Mimi nasema hapana. Seti ina nyaya sakafuni, taa zenye joto kali, moshi, magari yanayorudi nyuma, na ukimya unaodaiwa ghafla. Mtoto anayejifunza kutembea hana usalama pale, na mzazi anayemwangalia kwa jicho moja hana utulivu wa kuangalia kazi kwa jicho jingine. Anachohitaji ni chumba karibu na seti lakini nje ya seti, chenye mlezi aliyesomea na kuhakikiwa, ambaye kazi yake ni hiyo tu. Asipewe kijana wa kutumwatumwa amshikie mtoto. Mtoto hakabidhiwi kwa mtu ambaye dakika tano baadaye ataitwa akalete betri. Pasipowezekana chumba, kampuni ilipe mlezi nyumbani kwa zile saa zinazozidi saa za kituo cha kawaida. Hizo saa za ziada ndizo tunazozisababisha sisi.

Mama anayenyonyesha ana mahitaji yake, na yanajulikana: chumba kinachofungika ambacho si choo, kiti, umeme, maji ya kunawa, jokofu, na dakika zilizoandikwa kwenye ratiba. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 inampa mama muda na mahali pa kukamua maziwa, kwa mwaka mmoja baada ya kujifungua, na inasema wazi mahali hapo pasiwe chooni. Tunaegesha gari zima kwa ajili ya kuchaji betri za kamera. Chumba cha mama hakiwezi kutushinda. Na mjamzito asilazimike kuficha ujauzito hadi mkataba usainiwe, kwa sababu anayeficha hubeba masanduku asiyopaswa kubeba, na huvuta moshi na harufu za kemikali asizopaswa kuvuta, huku mkuu wa idara hajui.

Kuhusu kugawana nafasi moja kwa watu wawili, nitasema kwa kifupi. Wengi husema haiwezekani kwa sababu ya mwendelezo. Lakini mwendelezo ni fani nzima ya kuandika kila kitu ili mtu mwingine aweze kuendelea pale ulipoachia. Tamthilia za televisheni hubadilisha waongozaji kila vipindi kadhaa na hadithi haivunjiki. Wahariri wawili, mameneja wawili wa uzalishaji, wakuu wawili wa mavazi wanaweza kupokezana wiki kwa wiki, mradi walipiwe siku moja ya kukabidhiana. Wahariri wanaofanyia kazi nyumbani nao wasidanganywe kwamba wameshapewa ulezi. Mtu hawezi kukata tukio la kilio na kumlisha mtoto kwa wakati mmoja.

Akina baba, ninyi nawaomba mnisikilize kwa namna ya pekee. Nimesimamia idara za taa na vifaa zenye wanaume watupu, na kwa miaka yote hiyo nimesikia sababu za kuchelewa: tairi limepasuka, barabara imefungwa, simu ilizima. Ni mara chache nimesikia mtoto ana homa. Baadaye, kazi ikiisha, unagundua mtoto alikuwa na homa. Mwanaume anaona ni salama zaidi kulaumu tairi kuliko kusema mimi ni baba. Ukimya wenu unafanya ulezi uonekane ni shida ya wanawake, na hilo ndilo linalomfanya mwenye orodha ya simu amruke mwanamke na kuwaita ninyi. Semeni. Mkuu wa taa akisema mbele ya watu wake kwamba leo anaondoka saa 11 jioni kumchukua mwanawe, kesho yake fundi mdogo wa kike ataweza kusema hivyo bila kutetemeka.

Na tuwakumbuke wanaolea wasio watoto: mwenye mama mgonjwa, mwenye ndugu mlemavu, mwenye mwenza anayetibiwa. Ratiba inayotabirika inawasaidia wote hao, na inamsaidia pia kijana asiye na familia ambaye anataka tu kulala.

Najua watayarishaji wa filamu ndogo wananisikiliza wakijiuliza watapata wapi. Filamu ndogo ina udhaifu wake lakini ina nguvu moja: watu wachache. Unaweza kukaa na kila mmoja kabla ya kuanza na kumuuliza swali moja, lile lile kwa mwanamume na mwanamke: una majukumu gani nyumbani ambayo ratiba inapaswa kuyajua? Muulize baada ya kumpa kazi, siyo kabla, ili jibu lisimnyime nafasi. Nimefanya hivyo kwenye kazi zenye bajeti finyu kabisa. Mara nyingi jibu lilikuwa dogo mno: Alhamisi nisichelewe, asubuhi nipewe nusu saa. Mambo hayo yalitugharimu kupanga upya matukio mawili matatu. Kwa wengine ilibidi tuchange fedha za mlezi, na tulipunguza siku moja ya kukodi kreni. Mwongozaji alinuna, kisha akatafuta namna nyingine ya kuipiga picha ile, na filamu ikatoka.

Kuna wanaosema sanaa inataka kujitoa mhanga. Mimi pia nimejitoa kwa kazi hii na sijutii. Lakini mtu mzima hujitoa mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili hakuchagua.

Wafadhili na mifuko ya filamu iliyopo hapa, ninyi mna ufunguo. Mkisema kwenye fomu zenu kwamba gharama za ulezi zinakubalika, na kwamba bajeti isiyo na mstari huo itatakiwa kueleza kwa nini, mtayarishaji hatahitaji kushawishiwa na mtu. Ataandika, kama anavyoandika bima.

Nimeandaa rasimu ya kifungu cha mkataba, fupi kwa makusudi, na ningependa niisome: "Kampuni italipia au kuchangia ulezi wa mtoto wa mfanyakazi kwa saa zote za kazi zinazozidi saa za kawaida za kituo cha kulelea watoto, kwa kiwango kimoja kwa kila mfanyakazi bila kujali cheo. Saa ya kumaliza kazi itatajwa kwenye ratiba ya kila siku. Mabadiliko yanayotolewa chini ya saa 48 kabla yatalipiwa gharama ya mlezi anayotumia mfanyakazi." Wanasheria watairekebisha, na waongozaji wasaidizi bila shaka watabishana nami juu ya zile saa 48. Nakala ziko kwenye meza karibu na mlango. Tunakutana tena mchana na watu wa vyama vya wafanyakazi kuipitia sentensi kwa sentensi, na chumba cha pembeni kina walezi wawili, kwa hiyo mliokuja na watoto mnakaribishwa kukaa hadi mwisho. Asanteni sana.